Taa Nyeupe Darajani

Labasa, Jumapili alasiri

Mdogo wangu Satendra,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na wifi yangu Anjani pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Brisbane. Sisi huku afya tunayo, mvua tunayo, na miwa imesimama vizuri, kilichotupungukia unakijua. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Hana kinyongo nawe kwa kutofika kuuchoma mwili wa marehemu baba yetu kwa desturi yetu. Amesema safari haiamuliwi na miguu peke yake.

Ulipopiga simu siku ile uliniuliza kwa nini mzee wa umri wa Baba alilipamba gari kuukuu kwa mataa meupe kama kijana anayetafuta mchumba. Nilikaa kimya ukadhani nimeudhika. Sikuudhika, ndugu yangu. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji na Mama alikuwa ubavuni mwangu. Leo amelala kidogo, basi nikueleze.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi sokoni jioni na Mama akimngoja barazani. Taa za gari zikichomoza darajani, Mama huinuka na kubandika kikaango, ili Baba akinawa mikono akute chapati ya kwanza inatoka motoni. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu tuko wadogo. Mwaka juzi Baba aliingia uani akamkuta Mama amekaa vilevile, jiko baridi. Mama aliona haya, akasema hakuliona gari. Kumbe kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema kwa upole kwamba tumechelewa, kilichobaki ni kulinda kidogo kilichopo.

Wewe unamjua Baba, si mtu wa kumwonea mtu huruma mbele ya uso wake. Alirudi nyumbani akalitukana gari. Akasema balbu zake za njano zimechoka kama mishumaa ya kanisani kwa kina Apenisa, nani angeziona? Kesho yake alinunua balbu za LED kwenye duka la spea, akamwita huyo jirani yetu Apenisa kutoka ng'ambo ya mto, wakafungua boneti. Walihangaika mchana kutwa, bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, katikati yao, kwa sababu balbu mpya zilikuwa na feni ndogo mgongoni na mfuniko wa taa ulikataa kufunga. Jioni Baba aliendesha mpaka ng'ambo ya daraja, akageuza. Mama akapiga kelele barazani kama msichana, akisema mwezi umeshuka barabarani.

Watu walicheka, bila shaka. Sokoni walimwuliza bibi harusi ni nani. Madereva wa malori ya miwa walilalamika kwamba anawapofusha, na polisi mmoja akamsimamisha akamwambia, “Mzee, unatafuta njia au unatafuta ndege angani?” Baba aliomba radhi, na kweli yeye na Apenisa wakaziinamisha taa zile ili zisiwapige watu usoni. Lakini zilipoinama, Mama naye akaanza tena kuzikosa. Ndipo Baba akaja na wazo la indiketa. Akabadilisha zote ziwe za LED, ili akifika darajani awashe za kulia na kushoto kwa pamoja. Siku ya kwanza zilipepesa mbiombio mpaka Apenisa akashika tumbo kwa kicheko. “Shemeji,” alimwambia, kama walivyozoea kuitana kwa utani, “gari lako lina homa, lipeleke zahanati!” Kumbe balbu zile hula umeme kidogo mno, gari likadhani taa imeungua. Wakabadilisha kile kidude kinachoziwasha na kuzizima, homa ikapoa.

Tangu hapo ikawa kila baada ya muda Baba ana taa mpya ya kuonyesha. Mara zile ndogo za pembeni, mara za kurudi nyuma. Na kila jioni Mama alimpokea kwa sifa: leo zimetulia, leo nyeupe kama maziwa, hizi za leo umezitoa wapi? Chapati ilitoka motoni kila siku. Mimi nilipokuwa nikija Jumapili nilimshukuru Mungu kwamba macho ya Mama yamesimama pale pale. Hata wewe nilikwambia hivyo.

Baba aliondoka kama ulivyosikia, asubuhi, kati ya matuta ya biringanya, moyo ukasimama na jembe mkononi. Wiki moja baada ya kumaliza matanga nilikuwa jikoni na Mama. Alikuwa akikanda unga, mimi nikichagua dengu. Nilimwambia, ili kumfariji, kwamba angalau Baba alimwachia mwanga wa kutosha. Mama akaacha kukanda. Akasema, “Mwanangu, taa zile sikuwahi kuziona tena tangu miwa ya mwaka jana ilipovunwa. Nilikuwa nasikia mbao za daraja zikigonga. Baba yako alikuwa akifurahi sana na balbu zake. Ningemwambiaje?” Kisha akasema jambo moja lililomtia nguvu ni kwamba mumewe alikufa akiamini mkewe anamwona.

Satendra, dengu zilinimwagika. Maana mimi nilikuwa na neno lingine moyoni, nililopewa na Apenisa siku ya kuchoma mwili, akanisihi nisilitoe, ndiyo maana nami nilijifanya sijui. Jioni moja, msimu wa mvua, walikuwa wakirudi wote wawili. Wakiwa bado mbali na mto fyuzi ikaungua, na taa zote za mbele, hata indiketa, zikazimika. Kulikuwa bado na mwanga wa kuona njia, basi wakaja polepole, gari jeusi tii. Walipoingia uani Mama aliita kwa furaha kutoka barazani: “Nimekuona tangu darajani, baba watoto! Leo zinang'aa kupita jana!” Apenisa anasema Baba aliushika usukani kwa mikono miwili, hakushuka. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. Halafu akajifuta kwa kola ya shati, akashuka, akamjibu Mama kwamba amevisafisha vioo vya taa.

Na wiki iliyofuata akanunua balbu za nyuma, Apenisa akamwuliza za nini tena, shemeji, na mama wa watu haoni? Baba akasema, “Akiniuliza jioni nimebadilisha nini, nitamjibu nini?”

Basi nilikaa pale sakafuni nikipima. Ningenyamaza, Mama angebaki na faraja yake. Lakini faraja yenyewe haikuwa kweli, na kweli yenyewe ilikuwa nzuri kuliko faraja. Nikamwambia. Nilimwambia yote, fyuzi, kola ya shati, na balbu za nyuma.

Mama alinigeukia. Akaniuliza kama ni kweli gari lilikuwa limezimika kabisa, hata zile ndogo. Nikasema kabisa. Mama akaanza kucheka, Satendra, kicheko kile chake cha kutikisa mabega, akisema, “Mjanja yule! Mjanja mkubwa! Vioo amevisafisha!” Akacheka mpaka kicheko kikavunjika, ndipo akalia. Unajua hakulia siku ya moto, watu wakamsema. Siku hii alilia kama aliyefiwa saa ile, unga ukimgandia mikononi, na mimi nikamshika tu. Alipotulia alisema alimkosea Baba, kwa kuwa wangeweza kuukalia msiba wa macho yale pamoja, badala yake kila mmoja aliukalia peke yake, chumba kimoja, kitanda kimoja. Nikachota maji, nikamnawisha mikono.

Nimehamia huku kwa sasa. Mume wangu amekubali, atakuwa akija mwisho wa wiki. Gari Apenisa analitumia kupeleka mboga sokoni.

Msalimie Anjani, wabusu watoto. Apenisa anakusalimu, anasema unamdai samaki wa nazi. Mama naye ameamka sasa hivi, amesikia kalamu, ameuliza naandika nini, na ameniamuru niongeze haya kwa maneno yake mwenyewe: “Mwambie sauti yake kwenye simu siipendi. Kila nikimwuliza anasema mzima, mzima. Kama kazi imemwisha aseme, kama anaumwa aseme, kama yeye na mkewe hawaelewani aseme. Katika nyumba hii tumefichana vya kutosha.”

Ni mimi dada yako,
Urmila