Mwandiko Niliokufundisha

Kasulu, 9 Februari

Mdogo wangu Marselino,

Salamu za kwetu: mwakeye sana, wewe, Aline na watoto. Sisi tu wazima, ila goti langu linanung'unika. Shemeji yako Pelagia anauliza kama huko Dar bado unakula mbiombio kama abiria wa basi.

Nina jambo la kueleza, maana tabia ya kueleza sikuiacha shuleni. Kampuni mbili za ndege zilipogombania abiria wa Kigoma, nauli ilishuka hata kwa mizigo. Asia, muuza uyoga wa sokoni kwetu, alituma matenga asubuhi, jioni yakawa jikoni mwa hoteli za Dar, na akina mama wa Muyama wanaomchumia wakapata bei nzuri. Kampuni ndogo ilipoondoka, yenu, hiyo unayoifanyia kazi, ikapandisha gharama mara tatu. Novemba Asia alimwaga matenga sita yaliyooza, akasema kwamba sasa hata nzi wa Kasulu wanakula chakula cha hoteli.

Wewe huniambia kwamba ndivyo soko lilivyo. Sivyo. Njia zote za ndege hukutana Dar. Aliyeshika saa zote nzuri za kutua pale ameshika mlango, hata kama anga ni la wote.

Unaijua desturi yetu: barua ya aliye mbali husomwa uani, wote wakisikiliza. Ndivyo nilivyoisoma yako ya Krismasi, mpaka pale ulipojisifu kwamba mliuza tiketi kwa hasara makusudi, ili wale wadogo wachoke, kisha mpandishe. Nikaikunja, lakini nilikuwa nimekwisha kuyasoma. Asia alikuwa ameketi hapohapo. Akasema polepole kwamba kumbe hasara yake ina baba na mama.

Uliposikia kuna uchunguzi, ulinipigia simu ukaniomba niichome. Sikuichoma. Jumanne wachunguzi wa ushindani wa biashara walikaa Kigoma kusikiliza wafanyabiashara, nami nikaenda na Asia, nikawakabidhi barua yako. Wakili wenu akadai kwamba barua yoyote yaweza kughushiwa. Nikaulizwa kama nautambua mwandiko. Nikajibu kwamba herufi zile nilizifundisha mimi, nikikushika mkono, mwaka ule baba alipofariki.

Najua waweza kufukuzwa kazi. Kasirika utakavyo, radhi siombi. Chumba chako hapa kwetu nimekipaka chokaa, na Asia amecheka akasema kwamba anayezijua hila za nauli atamfaa sana katika biashara yake ya uyoga.

Wasalimie wote nyumbani. Ukinijibu kwa matusi, andika vizuri: nayo nitaisoma uani.

Kaka yako,
Mwalimu Melkiadi