Upande Wako Umebaki Bila Msemaji

Omera Owino, ndugu yangu,

Kaburi lako kule Magunga limeota nyasi. Nilifika baada ya mvua, nikasimama, nikarudi na maneno yote niliyokuja nayo. Ndiyo maana ninaandika.

Tawi letu la chama hapa Sori si lile uliloliacha. Unakumbuka tulivyokuwa: chama kimoja, misimamo miwili. Wewe ulitaka ufuo ugawanywe, kila mvuvi apate hati ya kipande chake. Mimi nilitaka ubaki wa wote. Tulibishana hadi chai ikapoa. Na kabla ya kura ulimlazimisha kila mmoja aieleze hoja ya mpinzani wake, mpaka mpinzani mwenyewe akiri kwamba ndivyo hasa. Mara ngapi ulinirudisha. "Mwalimu, hapo umenipunja. Anza tena."

Baada ya mazishi, watu wako walianza kuhama. Hakuna aliyewafukuza. Chama pinzani kilizungumzia hati na biashara kama walivyopenda, wakaenda mmoja mmoja. Na wanachama wa huko waliofikiri kama mimi wakaja kwetu. Sasa kila chama kina fikra moja tu. Mikutano yetu ni mifupi: tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mwanao Ochieng' yuko upande ule. Akinikuta sokoni hupita kama mtu ambaye hajawahi kula kwangu.

Nilidhani ningefurahi siku ambayo wote wangekubaliana nami. Owino, ni upweke mtupu.

Juzi suala la ufuo lilirudi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Nilitazama pale ulipozoea kuketi, kisha nikasimama, nikaieleza hoja yako yote: kwamba mtu hutunza ufuo akijua utakuwa wa wanawe, kwamba maskini naye anastahili karatasi yenye jina lake.

Wakacheka. "Jaduong', mzee wetu, nawe umehama?"

"Mtafutieni mzee kofia ya chama kile," mwingine akadakia.

Nilisema sijahama. Nikapiga kura kama siku zote, kinyume nawe.

Habari zilimfikia Ochieng'. Jioni alikuja hadi langoni, asiingie. "Mwalimu, nasikia ulimsemea mzee wangu. Ni kweli?"

Nilimjibu kwamba nilijaribu. Akaniomba nirudie. Nikarudia, mimi ndani, yeye nje, lango katikati yetu. Nilipomaliza akaegemea lango.

"Hapo kwenye hati umempunja," akasema. "Anza tena."

Ilikuwa sauti yako, Owino. Nikafungua lango.

Alikula kwangu. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Lala sasa. Nitakusemea katika tawi hili muda wote ambao hakuna mwingine wa kukusemea, hata wakinivisha hiyo kofia. Nami nitazidi kujifunza ile sehemu ya hati, hadi mwanao akiri kwamba ndivyo hasa.

Ni mimi rafiki yako, ambaye bado hakubaliani nawe,
Mwalimu