Waya Iliyotoka Kwako

Nabuyoga,
kupitia Tororo.
Jumapili, 14 Juni 1964.

Mpendwa mdogo wangu Okochi,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. U mzima huko Jinja? Kile kikohozi kimekuacha? Na mkeo Anyango, amejifungua salama? Mimi mwili hauniumi, ila moyo hautulii.

Shemeji yako Omaido yuko lokapu Tororo tangu Jumanne. Wanasema ameiba waya za simu.

Zilikatwa wiki mbili zilizopita njia ya Busia, nguzo sita nzima. Tangu hapo askari wanapekua kila anayeshika waya, na nani hapa anashika waya kama Omaido? Unamjua. Siku ya soko Nagongera yuko chini na koleo lake, anashona vibuyu vilivyopasuka, anafunga vishikio vya ndoo, anakata spoku za baiskeli vijana wakatengenezee akogo, vile vinanda vya kupiga kwa vidole gumba. Seng'enge, waya za mitego ya panya, zote kajining'inizia shingoni.

Walipofika nyumbani mmoja akaona bangili yangu ya shaba. "Mama, kumbe simu umeivaa mkononi? Hebu tupigie Kampala!" Wenzake wakacheka. Wakauliza kama kuna shaba nyingine. Nikasema hakuna. Okochi, nilidanganya, Mungu anisamehe. Ilikuwa ndani ya chungu cha unga wa wimbi, na waliikuta.

Ni ile waya uliyotuletea Krismasi, uliyoifungua kwenye mota iliyoungua pale kiwandani kwenu. Ilikuwa nyembamba kama uzi, imepakwa rangi nyekundu. Lakini Omaido kwanza huichoma motoni rangi itoke, shaba ing'ae, kisha husokota nyuzi nyingi pamoja zitoshe unene wa bangili. Sasa rangi haipo, na unene ni kama wa simu. Ameeleza, hawamsikilizi. Wanachoshikilia ni uongo wangu.

Jana nikisali, vidole vikasimama kwenye rozari yangu. Omaido aliiunga kwa waya hiyo hiyo kabla hajaichoma. Bado nyekundu, na waya za simu hazina rangi! Nimekata kipande, kimo humu ndani ya bahasha. Shanga nimezifunga kwenye leso, nasali kwa kuhesabu vidole.

Mwonyeshe msimamizi wako, aandike kwa mkono wake kwamba waya ilitoka kwake na alikuruhusu. Na kama uliichukua bila ruhusa, ndugu yangu, niambie mimi kwanza. Sitakulaani. Ila mbele ya hakimu sitadanganya tena, hata kwa ajili yako.

Nisalimie Anyango, na shangazi Kevina umwambie asilie, aombe. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Kesi ni Ijumaa ya tarehe 26. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako akupendaye,
Felistus