Mwadi, Disertasio si Ushuhuda

Kolwezi, siku ya Mungu, kiisha ibada

Mudogo wangu mupenzi Mwadi,

Kama barua hii inakukuta umeamuka na mwili muzima, tumushukuru Mungu pamoja. Kama inakukuta na ile homa yako ya wakati wa mvua, basi enda kwanza ku dispansere, mi utanisoma kiisha. Mama anaendelea namna gani na magoti yake? Batoto banakula? Na bale bengine, ba darasa yako ya mwaka wa kwanza, bangali banakuita "Mama Mwalimu" na makamasi mu mapua? Mi niko. Kifua kinakohoa juu ya vumbi, ile ni kawaida ya huku, ila nasimama, natembea, nasali. Mungu hajaniacha.

Ila kukaa, Mwadi, sijui tena kukaa. Tangu ujumbe wako uliingia mu telefone, naingia mu nyumba, natoka, naweka mayi ku moto naisahau mupaka inakauka. Ku kantini, fasi tunapikia batumikaji ba mine ya shaba, nilitia chumvi mara mbili mu mboga ya sombe. Mama Tshala, mwenye napikaka naye, akaonja akatema: "Rejine, unapikia batu ao unakausha samaki?"

Uliniambia direktere wa shule yenu amesema mwaka kesho mutu asiye na diplome ya Leta, ya serikali, hatasimama tena mbele ya darasa. Ukaniambia utafanya egzamen ya Leta kama otodidakte, we peke yako, bila benchi, bila mwalimu wa kila siku. Niliposoma pale nilipiga kigelegele, nikiwa peke yangu na masufuria. Kiisha nikaona picha za ile disertasio, insha ya egzamen, ulijaribisha, na chini yake: "Yaya, prof wa huku amenipa sufuri mara mbili. Kuko kijana anauzisha disertasio zenye zimekwisha kuandikwa, naweza kushika moja ku kichwa. Nisaidie nimulipe."

Sitakuficha. Nilienda mupaka ku kibanda cha kutuma franga. Nikapanga mulolongo, ikafika zamu yangu. Dada wa mule akauliza, "Mama, unatuma wapi?" Nikasema Musumba, kwetu. "Namba?" Namba yako naijua kama Baba Yetu, ila mudomo ulikataa. Nikatoka mu mulolongo, na bijana ba nyuma bakacheka: "Mama amesahau bwana yake!"

Miguu ikanipeleka kwa Tata Mulumba, bwana ya Mama Tshala, jirani yetu ng'ambo ya barabara. Ni ule Mukasai nilikuambiaka habari yake: nkambo wake, baba ya baba yake, aliletwa huku toka Kasai juu ya kazi ya mine, ye mwenyewe akazaliwa hapa, akafundisha Kifaransa mupaka pansio. Anapenda kutuchokoza siye Balunda juu ya mufalme wetu. Aliponiona tu: "Karibu, batu ba Mwant Yav! Munakuja kuchukua kodi?"

Nikamupa telefone. Akavaa miwani, akasoma picha zote polepole, kiisha akacheka, si kwa ubaya.

"Mama Rejine, huyu mudogo wako anaimba mu kwaya?"

"Ye njo anaiongozaka."

"Inaonekana. Hii ni ushuhuda. Iko muzuri sana. Ningekuwa mu kanisa ningeruka juu. Na mi pia ningemupa sufuri."

Nikapandisha sauti: "Tata, unamupa sufuri mutu aliyemushukuru Mungu?"

"Namupa sufuri mutu asiyejibu ulizo."

Njo akanionyesha. Prof wenu alikupa sentensi moja juu ya ardhi, mi naiweka mu Kiswahili chetu: bulongo yenye mali haishibishi batu benye kuikalia. Akasema uichunguze, utoe mawazo yako. We ulianza kwa kusalimia. Ukamushukuru Mungu, ukabashukuru bakubwa, ukamushukuru ata ule aliyetunga sentensi, juu amesema kweli. Kiisha ukahadithia Kolwezi kutoka mwanzo mupaka mwisho: vumbi, bijana banaoingia mu mashimo na tochi ku kichwa, bamama benye kubaki bajane. Ukamaliza kwa kutuombea. Ni vile vile tunasimamaka mbele ya kanisa, Mwadi, tangu tuko badogo. Mi nilipoisoma nililia.

"Mu ushuhuda," Tata Mulumba akasema, "batu bote bako tayari upande wako. Unasema, banaitika. Mu disertasio, musomaji amekunja mikono. Kila fasi anakuuliza: unajuaje? Juu ya nini? Na kiisha?"

Nikamuambia: kwetu, kukatalia neno la mukubwa ni kukosa adabu, njo maana we uliikubali ile sentensi. Akasema, "Ile sentensi haiko mukubwa. Haina mvi. Ihoji. Ukitaka kuikubali, uikubali ku mwisho, kiisha kuihoji."

Sikuelewa bado. Alinyosha kidole ng'ambo, ku nyumba yangu, ku ule ufa wenye kushuka tangu dirisha mupaka chini.

"Ule ufa unasema nini?"

"Unasema mine inalipua mawe, nyumba zetu zinapasuka. Kila mutu anajua."

"Kila mutu anajua, ile haiko ushahidi. Nionyeshe."

We unanijua. Niliamuka na hasira, nikazunguka avenii yote. Kwa fundi wa nguo, ufa. Kwa mujane wa pasta, ufa, na ye ameweka kalenda juu yake. Zote zilipasuka upande wenye kutazama shimo la mine. Nikarudia napumua kama mbuzi: "Umesikia sasa?"

"Nimesikia. Na hii yangu?"

Nikaangalia. Nyumba ya Tata Mulumba njo iko karibu na shimo kupita zote. Ukuta wake ni safi, haina ata ufa wa uzi. Mama Tshala akapaza sauti toka ndani: "Bwana, acha mama apumuzike, utamuua na Kifaransa chako!"

Nikasema, "Basi hii yako tuiache."

Mwadi, alipiga paja lake mupaka kuku bakakimbia. "Apana! Hii njo usiiache! Ile yenye kukukatalia njo itakusaidia. Ukificha nyumba yangu, musomaji ataiona ye mwenyewe, na hatakuamini tena. Ilete we mwenyewe, kiisha uulize: juu ya nini hii imesimama?"

Nikakaa, mara ya kwanza mu siku zile. Nyumba yake ilijengwa zamani kwa ajili ya batumikaji, na musingi wa mawe wenye kuenda chini sana. Zetu tulijenga siye, mbio mbio, matofali ya udongo juu ya udongo. Nikasema polepole: "Mulipuko ni ule ule. Ila unavunja mwenye hana musingi."

Tata Mulumba akavua miwani. "Sasa umefanya analizi. Mbele ulikuwa unahadithia. Sasa umeonyesha kitu kinaleta kingine namna gani, na kinasimama fasi gani."

Basi mudogo wangu, angalia vile mi nimeelewa, na akili yangu ya mwaka wa pili wa sekondari. Usikimbilie kuandika. Kaa na ile sentensi kama vile unakaa na mugeni mwenye haujui nia yake. Kushiba, ni tumbo tu? Benye kuikalia bulongo, ni banani, ni bachifu, ni balimaji, ni bageni benye mikataba? Ukishajua inakuuliza nini, toa jibu lako, sentensi moja, uiweke mbele, usizunguke. Kiisha kila kipande kibebe neno moja tu. Lete kitu chenye batu banaweza kuona, na usikitupe pale ku mulango kama mufuko wa makala ya kupikia. Eleza kinashikilia jibu lako namna gani. Mule ndani, acha nafasi ya mutu mwenye kukatalia, aseme vizuri, usimufanye mujinga, kiisha umujibu. Ku mwisho uonyeshe umefika wapi. Usituombee. Omba mbele ya kushika bik ya kuandikia, na uombe tena ukisharudisha karatasi. Mungu hatakasirika.

Na neno lingine, hili ni langu, si la Tata Mulumba. Uliandika Kolwezi, na mguu wako haujakanyaga Kolwezi. Uliandika machozi yangu ya telefone. We uko Musumba. Bulongo ya kwetu haina shaba, ila inatoa mihogo na mahindi, na mvua ikikata barabara mahindi inaoza na chumvi inakosekana. Ile si mali? Inashibisha nani? Na Tantine Kamin, mwenye alijenga nyumba ya mabati na franga ya mahindi yake, atakuambia sentensi ni uongo. Muulize alifanya namna gani. Jibu sikupi. Sina.

Kwa ule kijana, sitamulipa. Ukishika disertasio yake ku kichwa, na siku ya egzamen bakileta sentensi ingine, utasimama mule na nguo ya mutu. Lakini lile ni dogo. Lenye kunisumbua ni batoto ba darasa yako. Siku moja mumoja atanyosha kidole, aseme, "Mama Mwalimu, juu ya nini?" Utamujibu na maneno ya nani?

Naogopa, Mwadi. Ukianguka, utasema Yaya njo aliniangusha, na utakuwa na haki. Niliomba Mungu anipe amani, hakunipa. Niliomba tena, akanipa miguu tu. Basi nikaenda kwa shefu wa kantini.

"Shefu, naomba ruhusa. Naenda Musumba."

"Pole, Mama. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mudogo wangu anafanya egzamen."

"Kwa matanga natoa ruhusa. Kwa egzamen ya mutu mukubwa, apana."

"Basi kata mushahara wa siku zangu."

Mama Tshala akasema toka ku masufuria: "Shefu, umuache aende, ao atatumaliza na chumvi." Shefu akacheka, akasaini.

Barua hii inapanda lori ya leo. Mi nitapanda yenye kufuata, na zile franga ulitaka nimulipe kijana njo nalipa fasi yangu juu ya mifuko. Nitateka mayi, nitapika, nitaosha batoto, nitamukanda Mama magoti. We usiguse sufuria mupaka siku ya egzamen.

Unisalimie Mama, umuambie asichinje kuku wa kunipokea. Salimia Tantine Kamin, mwenye mahindi. Salimia bakwaya bako bote, na yule wa sauti ya bassi mwenye kusinzia. Salimia bwana yako, umuambie nakuja kukalia meza yake. Na direktere pia, umusalimie vizuri, ye anafanya kazi yake.

Nikifika nikute umeanza. Ata sentensi moja. Ata kama iko mubaya. Ila ikuwe yako.

Ni mi yaya wako mwenye kukupenda,

Rejine