Ng'ombe wa Baba, Nuu, 1984

Ndinda, naandika haraka, gari ya Mwingi inaondoka.

Ni Baba. Nimemkuta asubuhi kwa boma ya ng'ombe. Boma iko tupu, unajua kiangazi kiliwamaliza wote. Lakini amefungua mlango, anapiga mluzi, anawaita kwa majina. Kwa majina, Ndinda!

Akaniona. "Umefika vizuri. Ulisema tuuze nusu. Haya, chagua."

Chagua! Nichague nini?

Ni kweli mwaka juzi nilimwambia, "Baba, usiweke mali yote kwa ng'ombe. Uza nusu, pesa ikae Posta, izae polepole mpaka uzeeke." Akanicheka mbele ya wageni. "Hiyo Posta inatoa maziwa?" Sasa tunakula mahindi ya manjano ya msaada.

Nilitaka kumwambia hakuna kitu hapa. Nikaona vile ananingoja, nikashindwa.

Nimechagua. Nimeonyesha kwa kidole, huyu, na huyu, na yule wa kona. Baba akawatoa mmoja mmoja, akiwapapasa mgongo.

Nikageuka, Mama amesimama nyuma yangu.

"Jana," akasema, "nilimchagulia mimi."