Nimewapeleka Waume Wao Baharini

Anti Loice mpendwa, naandika nikiwa nimejifungia kwenye gari hapa Stafford, kando ya Houston, naomba msaada wako kabla Mama hajapanda basi la Dallas, maana nimedanganya, na uongo wenyewe sasa unaombewa.

Mama alikuja kutoka Bukoba kunilelea mtoto, Kiingereza hajui, na dada yangu Dorothea anayeishi Irving, pale Dallas, na Jackie, mpenzi wake wa miaka mingi ambaye Mama humsikia kwa jina tu, akanipigia akasema, "Mdogo wangu, mwonyeshe Mama kile kichekesho cha runinga cha wale wanawake wawili wanaolea watoto, umtafsirie vizuri, akishawapenda hao na mimi nitapata pa kuanzia," nikakubali, ila siku ya kwanza Mama alipouliza, "Hawa ni nani kwa nani?" nikaogopa nikasema ni mawifi, akauliza waume wako wapi, nikasema wanachimba mafuta baharini, si tuko Houston, mji wa mafuta, nikaona inaingia akilini. Akauliza mbona wanalala chumba kimoja, nikasema kodi za Marekani, Mama. Walipobusiana nikasema ndivyo Wazungu wanavyosalimiana, akanijibu, "Mbona jirani yako hajawahi kunisalimia hivyo?"

Sasa anawapenda kuliko anavyonipenda mimi, mmoja kamwita Mrefu na mwingine Miwani, wakigombana juu ya vyombo anacheka hadi anashika kiuno, na Jumapili kwenye jumuiya pale Alief akasimama kutoa nia, tuwaombee wanaume wawili walioko baharini warudi salama kwa wake zao, tukaomba wote, Anti, na Mzee Wilbroad anayeangalia kichekesho hichohicho akawa anakohoa kwenye leso. Kwenye gari Mama akaninong'oneza, "Lakini mwanangu, Mungu anisamehe, wasirudi tu. Ile nyumba imetulia."

Jumamosi anaenda Irving. Dorothea anaamini nilitafsiri vizuri, amepanga kumtambulisha Jackie pale mlangoni, na nikimwambia ukweli najua Jackie atafungasha nguo ahamie kwa rafiki mpaka Mama aondoke, kama alivyofanya mwaka juzi Mama alipokuja kututembelea. Nifanyeje?

Mtafsiri, Stafford

Mtafsiri wangu,

Pole, na aibu iwe kwako. Nilicheka, kisha nikamfikiria Jackie akikunja nguo ili atoke nyumbani kwake mwenyewe, kicheko kikakata.

Hukujua ulichokuwa nacho mkononi. Mimi sina digrii ya runinga, nina kochi, na nimeangalia vichekesho vya familia tangu runinga zilipokuwa na kisogo. Zamani mwanamke wa namna hiyo alitokea sehemu moja tu, akamshangaza baba mwenye nyumba, wakamcheka akiwa amegeuka, halafu akahamishiwa Chicago. Ukiona amepewa sehemu ya pili, ujue anakufa. Hao wa kwenu, nami nawaangalia, wana friji. Wanaifungua, wanagombania kiporo, wana mama mkwe mwenye maneno. Mrefu mchoyo, Miwani hanyamazi, na hakuna anayetoa hotuba. Aliyeandika vile ni fundi: hakuomba ruhusa ya kuwafanya watu wa kawaida, aliwapa tu vyombo vya kuosha. Mama wa Bukoba, bila Kiingereza, na mtafsiri mwongo katikati, bado wamemfikia! Wewe ndiye uliyeingiza wanaume ambao mwandishi hakuwahitaji.

Na usijifariji kwamba Mama alishajua tu. Huenda anajua. Huenda alimaanisha nyumba imetulia kwa sababu haina mlevi. Usimwachie mama mzazi kazi ya kukutolea uoga.

Leo, kabla hujashuka kwenye hilo gari, mpigie Dorothea umwambie yote, na ya jumuiya usiyaruke. Yeye na Jackie ndio wataamua Mama aambiwe lini na kwa maneno gani. Hilo si lako, usiliguse hata ukibanwa. Lako ni la runinga. Kesho mchana mtoto akilala, rudisha sehemu ya kwanza, mwambie Mama, "Nilikudanganya. Hawa ni mtu na mke wake." Hapohapo unyamaze. Akinuna, akununie wewe, afike Irving hasira zimepungua. Jackie asifungashe hata soksi.

Na Mama akikugeukia akauliza, "Na yule Jackie wa dada yako?" usitafsiri. Mpigie Dorothea, mpe Mama simu, utoke chumbani.