Mwizi Haitikii Mwano

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nisamehe, daftari. Miezi miwili sijakugusa. Minza anaota meno, halali, nami silali. Nikishika kalamu, mkono wenyewe unasinzia. Leo kalala mchana, ndiyo nimekukumbuka.

Asubuhi mayai saba. Masanja sita, mimi na mtoto moja. Nimepanga mwenyewe, sikulazimishwa. Mashindano ya kutunisha misuli ni Jumamosi ya tarehe 15, Mwanza. Mume wangu anabeba magunia ya pamba kwenye ghala la mnunuzi binafsi mpaka saa tisa. Akirudi nyumbani ananyanyua ekseli ya trekta yenye makopo ya zege huku na huku. Watu wanauliza kama magunia hayamtoshi.

Jumatano, 5 Julai

Bombani wameniuliza tena. Anatumia dawa ya mganga gani. Eti wanaume wa hivyo hawazai tena? Ananipiga? Nikasema ananifulia nepi. Walicheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Hawakuamini. Anafua kweli, na anaanika vizuri kuliko mimi.

Vijana wa banda la video wanamwita Komando. Wazee wanasema mwili wote ule na shamba haulioni. Kanisani mama mmoja wa kwaya kaninong'oneza nimwombee. Nimwombee nini? Hanywi. Havuti. Analala mapema kama kuku.

Nimechoka kujibu. Lakini nitajibu.

Ijumaa, 7 Julai

Nimepata kaptura ya kuogelea kwenye mitumba. Nyeusi. Nimeipunguza kwa mkono mpaka ikawa kama wanavyotaka wa Mwanza, yaani kama chupi. Mshono mzuri, hata kama najisifu. Alipoivaa nilicheka, akanuna.

Nikampaka mafuta ya nazi. Mtu akiwa mkubwa hivyo, mkono wake haufiki mgongoni. Hilo wanaomwogopa hawalijui. Lazima awepo mtu wa kumpaka.

Jumapili, 9 Julai

Sikwenda kanisani. Aibu.

Jana jioni, jua bado lipo, Masanja alikuwa nyuma ya nyumba anajizoeza kusimama kimashindano. Kaptura, mafuta, mikono juu. Bibi Kabula, jirani yetu, alikuwa anatafuta kuku wake kwenye ua wa minyaa. Akachungulia. Macho yake hayaoni vizuri. Juma lililopita ng'ombe wameibiwa Nkoma, na hapa hata mtoto anajua wezi wa ng'ombe hujipaka mafuta wasishikike. Akapiga yowe la mwano, la kuwaita wanaume wote watoke.

Mwano ukilia, mwanaume asiyetoka anatengwa. Hapewi moto, hasalimiwi. Masanja amelelewa hivyo. Akanyakua rungu, akaruka minyaa kwenda kumwokoa Bibi. Vile vile alivyo. Nilimpigia kelele avae suruali, hakusikia.

Mtaa mzima ulikuwa unakuja na marungu. Wakamwona. "Huyo! Huyo!" Naye akageuka nyuma kumtafuta huyo mwizi.

Wakamshika. Kila mkono ukateleza. Hapo ndipo wakaamini kabisa. Fimbo mbili zilimpata mgongoni kabla mmoja hajasema, "Acheni! Si Masanja wa magunia huyu?"

Kumtambua hakukusaidia. Sungusungu wanasema mtu hajipaki mafuta bure, alikuwa anajiandaa kwenda kuiba. Wamechukua chupa ya mafuta, kidhibiti. Kikao Jumatano. Mpaka hapo asitoke Bariadi. Wakimkuta na hatia, hatoki kabisa. Basi la Mwanza ni Ijumaa.

Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Alilia kidogo. Naandika kwa sababu hapa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 10 Julai

Hataki tena. Ekseli kaifunika gunia. Anasema labda wanasema kweli, yeye ni kituko tu.

Nilimwekea mayai sita mbele yake. Nikamwambia mwaka mzima nimekula ugali na mlenda ili wewe ule haya, sikuwa nalisha kituko. Kula.

Alikula manne. Nikasimama pale pale mpaka akamaliza.

Jumatano, 12 Julai

Niandike yote nisisahau.

Kikao kilikuwa uwanja wa mnada. Wanawake tunakaa pembeni, hatusemi mpaka tuulizwe. Bibi Kabula akaeleza alichoona. "Lilikuwa linang'aa kama kambare, baba! Na mikono juu, linaomba mashetani!" Watu wakavunjika mbavu. Masanja kasimama kichwa chini. Sikujua mtu mkubwa vile anaweza kuwa mdogo vile.

Nikasimama. Sikuulizwa. Minza mgongoni ananivuta nywele. Mtemi wa sungusungu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akasema, "Mayu, kaa, mama." Sikukaa.

Nikasema, baba zangu, mwizi gani anaitikia mwano? Mwano ukilia mwizi anakimbilia porini. Huyu kakimbilia kwenu. Ninyi mlikuja mmevaa. Yeye hata suruali hakuingoja. Nikasema tena, pamba ikishauzwa vijana wenu wanacheza mbina, wanajipaka dawa, wanafunga njuga, wanashindana mbele ya wakwe zao. Mnawashangilia. Wangu anashindana bila ngoma, basi.

 

 Kisha mtemi: "Atuoneshe."

Masanja akavua shati. Akakunja mikono, akageuka, akatanua mgongo. Alama za fimbo zao mbili zikatanuka pamoja nao, kila mtu akaziona. Mtemi akamzunguka polepole kama mtu anayenunua ng'ombe. Akagusa bega kwa kidole. "Ngosha, ungefungwa plau ungemaliza ekari kabla ya uji." Wakacheka, ila kicheko kingine.

Kaachiwa. Chupa mtemi kabaki nayo.

Jioni Bibi Kabula kaja na mayai manne kwenye kanga. Samahani hakusema. Alisema, "Mwadila, mayu," salamu tu ya jioni, akayaweka. Nikayapokea.

Ijumaa, 14 Julai

Kaondoka. Kaptura ndani ya Biblia isikunjike. Kwenye kituo wamemwita Komando, akawapungia mkono. Mafuta hana, atanunua huko. Nani atampaka mgongo?

Jumatano, 19 Julai

Kondakta kaleta barua. Masanja kawa wa nne. Walikuwa saba. Mgongo kampaka mshindani mwenzake, naye kampaka yule. Jaji kauliza alama za fimbo ni za nini, kajibu, za kwetu.

Atabaki huko wiki mbili kushusha mizigo. Anauliza atume nini. Kondakta anarudi kesho.

Minza kasimama leo kwa kushika ekseli. Mtemi nimempita sokoni, miguu inang'aa. 

Nitamwandikia hivi:

Sabuni ya mche, miwili.
Kandambili za Minza, ndogo kuliko zote.
Uzi mweusi.
Daftari, hili limebaki kurasa tatu.
Mafuta ya nazi chupa mbili, moja ampe mtemi, atuachie yetu.
Picha aliyopigwa jukwaani, ya mgongo. Kubwa, yenye fremu, ya kutundika mkabala na mlango. Msumari asitume, nimeshaupigilia.